Askari wa Dukani na Mwanafunzi Wake Mmoja

Kabla hajawa mwalimu wa mtoto wake, Sethunya Lebitsa alikuwa askari wa duka kubwa moja mjini Kimberley, ila si askari wa sare na kirungu. Alivaa gauni la kawaida, akasukuma kitoroli chenye mkate na sabuni, akajifanya mteja asiyejua anunue nini, kumbe macho yake yako kwenye mikono ya watu. Ndiye aliyemkamata yule mama aliyebeba mtoto mgongoni, mtoto asiyelia wala kupumua, na blanketi lilipofunguliwa wakatoka kuku wawili wa barafu. Mtaa wao wote wa Galeshewe ulicheka wiki ile. Lakini tangu hapo Sethunya akiingia kwenye sherehe, hata watu wasio na nia mbaya walikuwa wakiweka vijiko mezani na kutoa mikono mifukoni.

Kazi ile ilimwingia mwilini. Mumewe, Tshenolo, alifanya kazi kwenye machimbo ya madini ya manganizi kule Hotazel na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Alizoea kuvuliwa koti pale pale mlangoni na mifuko yake kupekuliwa, eti koti linaenda kufuliwa.

"Mimi sikuoa mke," aliwaambia wenzake. "Nimeoa forodha."

Wenzake walicheka, naye akacheka, ila kicheko chake kilikuwa kifupi.

Mtoto wao alikuwa mmoja, Refentse, msichana mwembamba mwenye magoti yasiyokosa kidonda. Ukimwambia avae viatu, ulimkuta nje na kiatu kimoja, akimkimbiza paka, kile cha pili kimeshasahaulika ndani ya sufuria. Aliuliza swali na kuondoka kabla hujajibu. Lakini siku alipoifungua redio ya baba yake kwa kisu cha mezani, alikaa nayo tangu asubuhi hadi chakula cha mchana hajainua kichwa. Kwa hiyo Sethunya alikuwa na hakika kwamba mtoto wake anaweza kutulia. Asipotulia, basi kuna mtu kamfanyia jambo.

Alipoanza darasa la kwanza, malalamiko yakaanza. Refentse amesimama juu ya dawati. Refentse amechonga penseli za wenzake mpaka zikaisha. Refentse amekula chakula cha mtoto mwingine, na alipoulizwa akasema alitaka kuona kama ugali wa kwao una ladha ile ile. Mwalimu wake, Mma-Moncho, alikuwa na darasa lililojaa pomoni, na kila alipomwita Sethunya alizungumza kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Sethunya hakuamini sauti ile. Asubuhi moja aliomba ruhusa kazini, akaenda kusimama nje ya dirisha la darasa akijifanya anasubiri kumwona mkuu wa shule. Akamwona mwanawe ameketi peke yake, dawati limegeuzwa likatazama ukuta, watoto wengine wote wakiwa nyuma ya mgongo wake. Refentse alikuwa akikwangua rangi ya ukuta kwa ukucha.

Akaingia bila kubisha hodi.

"Mwalimu, ukuta unamfundisha nini mwanangu?"

"Mma-Refentse, karibu," mwalimu alisema. "Kaa naye wewe hapa mpaka kengele ilie. Ukiweza, nitakupa kiti changu."

"Sikuja kuchukua kiti. Nimekuja kuuliza."

"Na mimi nimekujibu. Mpeleke kwa daktari, mama. Si kwa ubaya. Mtoto huyu anateseka, na mimi sina namna."

Alimpeleka. Daktari aliuliza maswali mengi, akamtazama Refentse akipanda na kushuka kitanda cha wagonjwa, akawaita tena mara ya pili, kisha akalitaja lile jina la herufi nne, ADHD.

"Si utundu na si malezi mabaya," alisema. "Ubongo wake unasikia kila kitu kwa sauti moja. Nzi wa dirishani, mwalimu wa ubaoni, njaa ya tumboni, vyote vinamwita kwa pamoja. Vipo vidonge vinavyosaidia, na ipo namna ya kumfundisha. Vyote viwili vinakwenda pamoja."

Sethunya alivichukua vidonge, akafika navyo nyumbani, akaviweka juu ya kabati ndani ya kopo la chai. Hakumpa mtoto hata kimoja. Dukani alishakamata vijana wakiiba dawa za kuuza mitaani, akaona macho yao. Akajiuliza ni nani anayefaidika mtoto akinyamaza. Mwalimu anafaidika. Mwenye kiwanda cha dawa anafaidika. Daktari je? Orodha ya washukiwa ilikuwa inarefuka, na jina la Refentse halikuwamo.

Akampigia mumewe Hotazel.

"Namtoa shule. Nitamfundisha mwenyewe nyumbani. Inaruhusiwa, nimeshauliza ofisi ya elimu."

"Na kazi?"

"Kazi naiacha."

"Haya," Tshenolo alisema. "Wewe ndiye unayekaa naye."

Kwa mwanamke aliyeweza kumtambua mwizi kwa namna anavyoshika mkate, ile "haya" ilipaswa kumshtua. Haikumshtua. Alikuwa akiwatazama watu wa nje.

Darasa lilikuwa kibanda cha bati cha uani. Alikisafisha, akapaka chokaa, akaweka meza, viti viwili na ubao. Na akafundisha kwa namna aliyoijua, yaani kwa kulinda. Aliketi nyuma ya Refentse akaangalia mikono. Mtoto akisema, "Nimemaliza, mama," Sethunya aliinuka akakagua, akakuta hesabu mbili zimefanywa na ukurasa wa pili umechanwa. Penseli zilionekana kwenye mtaro. Kitabu cha kusoma kilipotea, kikapatikana chini ya ndoo ya kuku. Kila kitu kilipofichuliwa, Sethunya aliuliza kama alivyowauliza wezi kwenye chumba cha nyuma cha duka: nani, lini, kwa nini.

"Sijui," Refentse alijibu.

"Hujui nini? Mkono ni wa nani?"

"Wangu. Lakini sijui."

Siku moja ya joto kali, bati likilia kwa jua, mtoto alijitupa chini ya meza akagoma kutoka. Sethunya akainama kumvuta mguu.

"Toka."

"Sitoki! Unanitazama kama watu wa dukani!" Refentse alipiga kelele. "Mimi sijaiba kitu!"

Mama mtu aliachia ule mguu. Alikaa sakafuni, gauni likajaa vumbi. Jioni ile alikiondoa kiti chake kutoka nyuma ya mtoto akakiweka pembeni yake. Kesho yake akakiondoa kabisa kiti cha Refentse, kwa kuwa kilikuwa hakikaliwi. Akapanga matofali uani, kila tofali na herufi yake ya chokaa, mtoto akaruka kutoka moja hadi nyingine akitamka maneno. Alijifunza kumpa kazi fupi, kisha wakimbie mpaka lango na kurudi, kisha kazi nyingine fupi. Siku nyingine zilikwenda vizuri. Nyingine zilikuwa kilio kitupu, mama naye akilia jikoni huku maji ya bomba yakimwagika ili asisikike.

Mtaani maneno yalikuwa yameanza. Jirani wa upande wa pili wa ukuta, Ausi Pinkie, yaani Dada Pinkie, muuza maandazi yaitwayo magwinya mwenye sauti ya kengele ya kanisa, hakuwahi kuficha udadisi wake.

"Mma-Refentse! Huyo mtoto unamfundisha au unamkaanga? Kelele zote hizo!"

"Geuza magwinya yako, Ausi, yanaungua."

"Magwinya yangu yana macho? Mtoto wa watu haendi shule mwezi wa tatu sasa! Wenzio wanasema ulifukuzwa kazi. Wengine wanasema mtoto ana ugonjwa unaoficha."

"Wengine nani?"

"Wengine."

"Wataje."

"Eh! Mimi si shahidi wako."

Sethunya aliyaweka moyoni. Kwa hiyo siku Bwana Jantjies wa ofisi ya elimu alipobisha lango, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, Sethunya alimtazama kidogo tu, kisha akatazama juu ya ukuta, kule moshi wa mafuta ya magwinya ulikokuwa ukipanda.

"Tumepata simu," Bwana Jantjies alisema. "Mtu ana wasiwasi kama mtoto anajifunza kweli. Ni kawaida kuja kutazama, mama."

"Simu ya nani?"

"Hilo hatulisemi."

"Mwanamke au mwanamume?"

"Mama, hata hilo."

Refentse, kwa bahati mbaya, siku hiyo hakuwa na herufi hata moja kichwani. Alimwuliza mgeni kwa nini miwani yake ina uzi, akajaribu kuufungua, akatoka nje katikati ya sentensi, akarudi na kinyonga. Bwana Jantjies alicheka, lakini aliandika. Alisema atarudi baada ya miezi mitatu, na kwamba siku hiyo angependa kumsikia mtoto akisoma.

Mzee hajafika kona ya barabara, Sethunya alikuwa ameshapanda kwenye kreti akachungulia ukutani.

"Pinkie! Umeridhika sasa?"

"Nimefanya nini tena?"

"Umenipigia simu ofisini! Mchawi wa mchana we!"

Ausi Pinkie aliweka mwiko chini taratibu. Wateja walikuwa wamesimama foleni, wakaacha hata kula.

"Sikiliza, mke wa mtu," alisema. "Mimi nikitaka kukusema, nakusema hapa hapa, bure, na mji wote unasikia. Nitoe hela yangu ya simu kukusema kwa siri? Kwa faida gani?"

Watu waliangua kicheko. Sethunya alishuka kwenye kreti, hakuamini hata neno moja.

Tangu siku hiyo akawa anashuku kila kitu, hata mambo mema. Na palikuwa na jambo jema moja lililomkera. Kila Jumamosi Refentse alikwenda kwa bibi yake, mama yake Tshenolo, aliyemwita Koko na aliyeishi mitaa miwili mbele. Alienda akirukaruka kama kawaida. Lakini alirudi alasiri ametulia. Akiambiwa avae ndala, alivaa zote mbili. Alikaa mezani akachora picha moja mpaka mwisho. Jioni hakutaka kula sana.

Sethunya alimtazama akichora.

"Koko amekupikia nini leo?"

"Wali na maharage."

"Na nini tena?"

"Hakunipa kitu chochote cha duara," Refentse alijibu haraka, bila kuulizwa.

Mtoto yule hakuumbwa kutunza siri. Sethunya alipanda kwenye kiti, akashusha lile kopo la chai kutoka juu ya kabati, akafungua chupa. Alijua ilivyokuwa imejaa, na haikuwa imejaa hivyo tena.

Hakumwuliza mtoto zaidi. Dukani humkamati mtu akiwa na kitu mfukoni. Unasubiri apite mlangoni. Jumamosi iliyofuata alimpeleka mtoto kama kawaida, akasalimia, akaaga, akazunguka nyumba ya jirani na kuingia kwa uchochoro wa nyuma. Akasimama nyuma ya shuka zilizoanikwa. Koko alikuwa amekaa barazani, mama mnene wa kanisani, kitambaa cheupe kichwani. Alimwita mjukuu, akampa kikombe cha gemere, kinywaji cha tangawizi. Kisha mkono wake ukaingia mfuko wa aproni, ukatoka, ukaenda mdomoni mwa mtoto.

"Mama," Sethunya alisema kutoka nyuma ya shuka.

Koko alishtuka, gemere ikamwagika. "Yesu wangu! Unanivizia nyumbani kwangu?"

"Unampa mwanangu nini?"

"Wewe unakijua. Kimetoka nyumbani kwako."

"Umeingia kwangu ukaniibia?"

Koko alisimama. Alikuwa mwanamke wa heshima, na neno lile lilimpiga kama kofi. "Mimi? Miaka yote hii sijafungua hata sufuria yako, kwa kuwa najua ungekuta alama ya kidole changu. Mimi si mwizi, Sethunya. Vidonge nililetewa. Niliambiwa daktari ndiye aliyeviandika, na wewe umekataa kumpa, na mtoto anapotea."

"Uliambiwa na nani?"

Koko alikuwa ameshasema mengi mno.

"Muulize mumeo," alisema. "Na ukishamaliza hilo, muulize na la simu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Sethunya alikuwa amelisikia neno hilo tangu utotoni, akalitumia kwa wafanyakazi wenzake wa dukani waliokula njama na wezi. Hakuwahi kulileta nyumbani. Alimshika mtoto mkono wakarudi wakitembea polepole, na Refentse, ambaye kidonge kilikuwa bado hakijamtuliza, aliongea njia nzima juu ya kinyonga.

Tshenolo aliporudi mwisho wa mwezi, alivua koti lake mwenyewe, akalitoa lipekuliwe. Mkewe hakulipokea.

"Kaa," alisema.

Alikaa. Kopo la chai lilikuwa mezani.

"Wewe ulipiga simu ofisini?"

"Nilipiga."

"Wewe ulimpelekea mama vidonge?"

"Nilimpelekea."

"Na mimi nikamtukana Pinkie mbele ya watu! Nimekuwa kichekesho cha Galeshewe! Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?" Tshenolo alikuwa mtu wa sauti ya chini, lakini siku hiyo sauti ilipanda. "Ningekuambia ungeanza kunichunguza. Nani kanituma, nimeongea na nani, nina mwanamke gani Hotazel anayenishauri. Na wewe Sethunya, mtu hawezi kukuambia jambo. Mtu kwako anakamatwa tu."

Alisugua viganja vyake vyenye weusi wa manganizi usiotoka kwa sabuni.

"Mimi nilikuwa hivyo hivyo," akasema. "Kama yeye. Mwalimu alinifunga mguu kwenye dawati kwa kamba ya kiatu. Nilipigwa mpaka nikaona shule ni mahali pa kupigwa, nikatoroka na sikurudi. Hakuna aliyesema ni ubongo. Walisema ni mbwa. Sasa mimi naona daktari ameleta jina, ameleta na dawa, wewe umeiweka juu ya kabati, na mtoto umemtoa shule. Nilale vipi?"

"Ungesema hivyo."

"Sasa nimesema."

Sethunya hakumsamehe siku ile. Alimwambia wazi kwamba kumpa mtoto dawa nyuma ya mgongo wa mama yake ni kosa, hata kama dawa ni nzuri, na Tshenolo alikubali bila kujitetea. Mumewe alilala chumba cha mbele siku zote za likizo yake. Lakini Jumatatu walikwenda kwa daktari pamoja, wote watatu, na Koko akaenda pia, maana alisema hataki tena kusikia mambo kwa kuletewa.

Daktari aliwasikiliza, kisha akakasirika kwa upole. "Dawa hii haitolewi mara moja kwa wiki kama sadaka ya kanisani," alisema, na Koko akainamisha kichwa. "Ama tunaianza vizuri, wazazi wote wawili mkijua, mkiangalia anakula vipi na kulala vipi, au tunaiacha. Mnachagua nini?"

Tshenolo alimtazama mkewe. Sethunya aliuliza maswali yote aliyokuwa ameyabeba tangu mwaka uliopita. Inatoka wapi? Nani anailipia? Ikimdhuru, atajuaje, na atampigia nani? Daktari alijibu yote, mengine mara mbili. Mwishoni Sethunya akasema wajaribu, kwa kipimo kidogo, na yeye ndiye atakayetoa.

Dawa haikumgeuza Refentse kuwa mtoto mwingine. Bado alipoteza ndala, bado aliruka. Ila sasa kati ya kuruka na kuruka palikuwa na nafasi, na katika nafasi hiyo Sethunya aliingiza neno, kisha sentensi. Bwana Jantjies aliporudi, Refentse alimsomea hadithi nzima ya sungura akitembea juu ya matofali huku na huko, naye mzee akageuza kichwa kumfuata kama anayetazama mpira wa meza. Alipotoka alisema, "Sijawahi kuona shule ya namna hii," na Sethunya alikaa siku mbili akijiuliza kama ile ilikuwa sifa au vinginevyo.

Deni la Ausi Pinkie lilikuwa gumu zaidi. Pinkie alikataa kuombwa radhi jikoni.

"Ulinitukania wapi?"

"Ukutani."

"Na wateja walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Basi subiri foleni iwe ndefu."

Ikabidi Sethunya asimame juu ya kreti, Jumamosi asubuhi, aseme kwa sauti kwamba Pinkie hakupiga simu yoyote na kwamba si mchawi.

"Wa mchana," Pinkie alimkumbusha.

"Si mchawi wa mchana."

"Na usiku je?"

"Hilo sina uhakika nalo," Sethunya alisema, na foleni nzima ikalipuka kwa kicheko, Pinkie wa kwanza.

Sasa Refentse ana miaka tisa na bado anasoma uani. Tshenolo hupiga simu kila jioni kutoka Hotazel, na anaripoti hata asiyoulizwa: alichokula, aliyeketi naye kwenye basi, wazo lililompitia kuhusu mtoto. Mkewe husikiliza mpaka mwisho. Ndoa yao imepona kama mfupa unavyopona, inabeba mzigo, ila siku za baridi inauma.

Mwezi uliopita Sethunya alipigiwa simu na mwanamke asiyemfahamu. Alisema ana mtoto wa kiume wa miaka saba, shuleni wamemgeuzia dawati ukutani, na ameambiwa kuna mama huko Galeshewe anayeweza kumwonyesha pa kuanzia.

"Umeambiwa na nani?" Sethunya aliuliza.

"Na mama mmoja. Anauza magwinya."

Sethunya alimuuliza yule mwanamke anaishi wapi, mumewe anajua kwamba amepiga simu, na mtoto anapenda nini. Majibu ya maswali mawili ya kwanza hayakumridhisha hata kidogo. La tatu lilikuwa refu, na mwanamke alilia katikati.

"Mlete Alhamisi," Sethunya alisema. "Njoo na mumeo."